Siku Kumi za Kwanza: Namna ya Kuilinda Rufaa ya Jinai Isife kwa Sababu ya Muda

Hukumu ikishasomwa, familia nyingi huanza kutafuta wakili, kuchangishana fedha na kumtembelea ndugu yao gerezani. Mambo hayo yote ni ya lazima. Lakini saa ya sheria imeshaanza kugonga, na haimsubiri mtu apate wakili. Katika kesi za jinai Tanzania Bara, rufaa nyingi zenye hoja nzuri kabisa huishia njiani bila jaji kuzigusa hoja hizo, kwa sababu karatasi moja fupi haikuwasilishwa ndani ya siku zake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mfungwa, ndugu zake na yeyote anayewasaidia.

Tahadhari mbili kabla ya kuanza. Kwanza, Zanzibar ina sheria yake ya mwenendo wa jinai, ingawa Mahakama ya Rufani ni moja kwa pande zote mbili za Muungano. Na aliyehukumiwa Kenya ana siku 14 kwa kifungu cha 349 cha sheria ya huko, kwa hiyo asitumie hesabu za hapa. Pili, namba za vifungu ninazotaja, zikiwemo za Sura ya 20 (Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai), ni zile zilizozoeleka kwa miaka mingi. Toleo jipya la Sheria Zilizorekebishwa, la 2023, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025 na limepanga upya namba za vifungu vingi. Unapoandika hati yako leo, fungua toleo jipya uhakikishe kifungu kinasomeka namba gani.

Hatua ya kwanza: jua kesi ilianzia wapi

Muda wa rufaa unategemea mahakama iliyotoa hukumu. Usichukue ushauri wa jirani aliyefungiwa kesi ya Mahakama ya Mwanzo ukautumia kwenye kesi ya Mahakama ya Wilaya. Ni sheria mbili tofauti.

Kesi ikiamuliwa na Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kwa kifungu cha 20 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Hapa hakuna notisi ya awali. Unaandika hati ya rufaa moja kwa moja na kuiwasilisha Mahakama ya Wilaya. Usikae ukisubiri nakala ya hukumu, kwa maana siku 30 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipotolewa. Ukishindwa Mahakama ya Wilaya, una siku nyingine 30 kwenda Mahakama Kuu, na hati hiyo ya pili huwasilishwa palepale Mahakama ya Wilaya, ambayo huipeleka juu pamoja na jalada. Wengi hukosea hapo kwa kukimbilia masijala ya Mahakama Kuu.

Kesi ikiamuliwa na Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kama mahakama ya kwanza kuisikiliza, unaingia kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kifungu cha 361 kinakupa masharti mawili, siyo moja: notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, na hati ya rufaa ndani ya siku 45. Kama adhabu ni viboko peke yake, notisi ni ndani ya siku tatu tu.

Kesi ikiamuliwa na Mahakama Kuu, iwe ndiyo iliyoisikiliza mwanzo au iliamua rufaa, unakwenda Mahakama ya Rufani. Notisi ya rufaa hutolewa ndani ya siku 30 kwa kanuni ya 68 ya Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, na huwasilishwa kwa Msajili wa Mahakama Kuu, nakala tatu. Notisi hiyo ndiyo inayofungua rufaa yenyewe. Kitabu cha kumbukumbu za rufaa huandaliwa na Msajili, na ukishakabidhiwa una siku 21 za kuwasilisha sababu za rufaa. Kama kesi ilianzia Mahakama ya Mwanzo, kuna kizingiti cha ziada: Mahakama Kuu lazima ithibitishe kwamba kuna hoja ya kisheria inayostahili kusikilizwa juu.

Hatua ya pili: toa notisi kabla ya kufanya jambo jingine lolote

Notisi ya kusudio haihitaji wakili, wala nakala ya hukumu, wala sababu za rufaa. Nusu ukurasa unatosha. Andika jina la mahakama iliyotoa hukumu, namba ya kesi, jina la mshtakiwa kama lilivyo kwenye hati ya mashtaka, tarehe ya hukumu, kisha sentensi moja: kwamba hukuridhika na kutiwa hatiani na adhabu, na unakusudia kukata rufaa Mahakama Kuu. Saini au dole gumba, tarehe, basi. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama, hivyo usiogope kuandika kwa Kiswahili chako safi.

Iwasilishe kwenye mahakama iliyokuhukumu na uiite kwa jina la mahakama hiyo. Zimekuwepo rufaa zilizoleta ubishi mrefu kwa sababu notisi ilibeba kichwa cha mahakama isiyohusika.

Ninasisitiza karatasi hii kwa sababu madhara ya kuikosa hayaonekani mapema. Mtu anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu bila notisi, jaji na mawakili wasiligundue hilo, rufaa ikasikilizwa na kuamuliwa. Akienda Mahakama ya Rufani, majaji watatu wanakagua kumbukumbu na kukuta notisi haipo. Mahakama ya Rufani imefanya hivi mara nyingi: inafuta mwenendo wote wa Mahakama Kuu, kwa sababu rufaa iliyosikilizwa kule haikuwa halali tangu mwanzo, na mfungwa anarudi kuomba kuongezewa muda ili aanze upya. Miaka aliyoisubiri imekwenda, na hakuna hata hoja yake moja iliyojibiwa.

Na hapa kuna jambo ambalo haliniingii akilini kama haki. Mkurugenzi wa Mashtaka akitaka kukata rufaa dhidi ya kuachiwa kwa mshtakiwa au dhidi ya adhabu ndogo, kifungu cha 379 kinampa siku 30 za kutoa notisi. Yeye ana ofisi, mawakili na magari. Mfungwa, ambaye siku hiyohiyo amepandishwa karandinga kwenda gereza asilolijua, ana siku 10. Mpaka Bunge litakapobadilisha, hesabu ni hiyo, na lazima tuiheshimu ili tusiumie nayo.

Kama ndugu yako yuko gerezani, asisubiri mtu wa nje. Sheria inamruhusu kukabidhi notisi na hati ya rufaa kwa mkuu wa gereza, ambaye wajibu wake ni kuzipeleka mahakamani. Kwa rufaa ya Mahakama ya Rufani, kanuni ya 75 inasema wazi kwamba mfungwa aliyemkabidhi mkuu wa gereza notisi ndani ya muda anahesabiwa ametimiza sharti. Cha muhimu ni ushahidi wa siku ya kukabidhi. Mwambie ndugu yako aombe muhuri wa gereza wenye tarehe juu ya karatasi, na nakala moja ibaki kwake au ije kwako. Kwenye ziara ya kwanza, kabla ya habari za nyumbani, muulize swali hilo: umetoa notisi, na ina muhuri wa tarehe gani?

Hatua ya tatu: omba nakala kwa maandishi

Siku hiyohiyo unayotoa notisi, andika barua ya kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa shauri. Kuomba kwa mdomo kwa karani hakuachi alama. Barua iwe na nakala yako iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Barua hiyo ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kifungu cha 361 kinasema kwamba katika kuhesabu zile siku 45, muda uliohitajika kupata nakala hauhesabiwi. Lakini atakayetaka kunufaika na msamaha huo lazima aonyeshe aliomba lini na alipewa lini. Nakala zikifika, ziandike tarehe ya kupokelewa palepale na umwombe karani au afisa wa gereza atie saini. Mara nyingi nakala za hukumu hukaa kwenye ofisi ya gereza bila mwenyewe kujua, au zinafika gereza la Ukonga wakati mtu ameshahamishiwa Isanga. Tarehe ya kuhamishwa nayo iandikwe.

Hatua ya nne: hesabu siku kwa kalamu

Kanuni za kuhesabu ziko kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, kifungu cha 60. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya umma, unaruhusiwa kuwasilisha siku ya kazi inayofuata. Wikendi zilizo katikati zinahesabika kama kawaida.

Tuchukue mfano wa hukumu iliyosomwa Jumatano, tarehe 5 Februari 2025, katika Mahakama ya Wilaya. Siku ya kwanza ni tarehe 6. Siku ya kumi ni tarehe 15, ambayo ni Jumamosi, hivyo notisi inakubalika mpaka Jumatatu tarehe 17. Siku ya arobaini na tano ni tarehe 22 Machi, Jumamosi tena, kwa hiyo mwisho wa hati ya rufaa ni Jumatatu tarehe 24 Machi.

Sasa tuseme mshtakiwa aliandika barua ya kuomba nakala Ijumaa tarehe 7 Februari, na akakabidhiwa nakala Jumanne tarehe 10 Juni. Kipindi cha kusubiri kinaondolewa. Wengine wataanza kuhesabu siku 45 kamili kuanzia Juni 10 na kufika Julai 25. Mimi ningeshauri hesabu ya kubana: siku mbili, ya tarehe 6 na ya tarehe 7 Februari, zilishatumika kabla ya kipindi cha kusubiri kuanza, zimebaki 43, na mwisho ni Jumatano tarehe 23 Julai. Tofauti ni siku mbili tu, lakini ukitumia hesabu ya kubana hakuna wakili wa serikali atakayeweza kukuwekea pingamizi. Na notisi, kumbuka, haina msamaha huo wa nakala. Siku zake 10 zinakwenda moja kwa moja, nakala ziwepo zisiwepo.

Anayewasilisha kwa mfumo wa kielektroniki wa Mahakama ana nafuu ya saa, kwa kuwa Kanuni za Uwasilishaji wa Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za 2018 zinakubali hati iliyotumwa kabla ya saa sita usiku ya siku hiyo. Lakini usiichezee nafuu hiyo. Mtandao ukikata saa tano na nusu usiku, utakuwa na kazi ya kuthibitisha kwamba ulikata. Hifadhi picha ya skrini inayoonyesha tarehe na saa.

Hatua ya tano: angalia adhabu kabla hujaandika sababu

Rufaa ya adhabu ina hesabu zake, na hapa ndipo muda unapomuuma mtu mara mbili.

Aliyekiri kosa, kwa kifungu cha 360, hawezi kukata rufaa dhidi ya kutiwa hatiani. Anaweza tu kulalamikia ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Mahakama zimekubali kusikiliza rufaa ya aliyekiri pale inapoonekana kukiri kwenyewe kulikuwa na utata, kwa mfano maelezo ya kosa aliyosomewa hayakukamilisha kosa lenyewe. Kama hiyo ndiyo hoja yako, iseme hivyo wazi kwenye hati.

Kama sheria imeweka kiwango cha chini, kama unyang'anyi wa kutumia silaha ambao kiwango chake cha chini ni miaka 30, kulalamika kwamba miaka 30 ni mingi hakutasaidia. Nguvu zote zipelekwe kwenye kutiwa hatiani: utambuzi wa mshtakiwa, mlolongo wa utunzaji wa vielelezo, maelezo ya onyo (yale aliyoandikwa mshtakiwa polisi). Kumbuka pia kwamba Mahakama Kuu ikisikiliza rufaa ina uwezo wa kupunguza adhabu na uwezo wa kuiongeza. Kama hakimu alitoa adhabu iliyo chini ya kiwango cha sheria, wewe mwenyewe unaweza kuwa ndiye uliyeifungua milango ya kuongezewa. Soma kifungu cha adhabu kwanza, kisha uamue.

Halafu kuna vifungo vifupi. Mahakama ya Mwanzo kwa kawaida haifungi mtu zaidi ya miezi 12. Mfungwa mwenye tabia njema anaweza kupunguziwa theluthi moja ya kifungo, kwa hiyo aliyefungwa miezi tisa anaweza kutoka baada ya miezi sita. Rufaa iliyochelewa miezi miwili kufunguliwa na miezi minne kusubiri jalada itasikilizwa akiwa ameshamaliza. Itamsafishia jina, pengine, lakini siku alizolala gerezani hazirudi. Kwa kifungo kifupi, ombi la dhamana ya kusubiri rufaa, au la kusimamisha adhabu, kwa kifungu cha 368 cha Sura ya 20, liende sambamba na hati ya rufaa, siyo baadaye. Mahakama haitoi dhamana hiyo kirahisi. Inataka kuona rufaa yenye uwezekano mkubwa wa kushinda, na kwamba kifungo kitakwisha kabla ya kusikilizwa ni jambo la kulitaja. Mweleze ndugu yako kabisa kwamba rufaa ikishindwa, muda aliokaa nje kwa dhamana hautahesabiwa kuwa sehemu ya kifungo. Atarudi kuumalizia.

Hatua ya sita: kama muda umepita

Usiwasilishe rufaa kimyakimya ukitumaini hakuna atakayeona. Omba kuongezewa muda.

Kwa rufaa ya kutoka Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ombi linakwenda Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 361(2), ambacho kinaruhusu rufaa kupokelewa nje ya muda kwa sababu ya msingi. Kwa rufaa ya kutoka Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya yenyewe ina mamlaka ya kuongeza muda. Kwa notisi ya kwenda Mahakama ya Rufani, anza Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 11 cha Sheria ya Mamlaka ya Rufaa, Sura ya 141. Usitaje Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, kwa sababu haihusu kesi za jinai, na ombi lenye kifungu kisichohusika linaanza safari likichechemea.

Omba vitu vyote viwili kwa ombi moja: kuongezewa muda wa kutoa notisi, na kuongezewa muda wa kuwasilisha hati ya rufaa. Aliyeomba kimoja akasahau kingine hujikuta amerudi palepale alipoanzia.

Sasa hati ya kiapo, ambayo ndiyo moyo wa ombi. Mahakama zinapima kwa vigezo vilivyotajwa katika shauri la Lyamuya Construction dhidi ya Bodi ya Wadhamini wa YWCA, Maombi ya Madai Namba 2 ya 2010: kuchelewa kote kuelezwe, kusiwe kwa kupita kiasi, mwombaji aonyeshe bidii na siyo uzembe, au kuwe na jambo jingine zito kama uharamu katika uamuzi wenyewe. Mahakama ya Rufani imerudia kusema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima ielezwe. Kwa hiyo usiandike "nilichelewa kwa sababu niko gerezani." Andika kwa tarehe. Nilihukumiwa tarehe fulani. Nilimkabidhi afisa wa gereza notisi tarehe fulani. Nilihamishwa tarehe fulani. Nakala ya hukumu nilikabidhiwa tarehe fulani. Hati ya rufaa ilichapwa na kusainiwa tarehe fulani. Kila pengo kati ya tarehe mbili lipewe sababu.

Ukimtaja mtu mwingine katika kiapo chako, kwa mfano afisa aliyechelewa kupeleka karatasi, mahakama itataka kiapo cha mtu huyo pia. Omba mapema. Maafisa wengi wa magereza hutoa viapo hivyo wakiombwa kwa heshima, maana nao wanajua mfungwa hana mikono nje ya ukuta, na majaji wamekubali mara kadhaa kwamba mambo ya mfungwa hayako katika uwezo wake. Ugonjwa uthibitishwe kwa karatasi za zahanati ya gereza. Kutojua sheria hakukubaliki. Uzembe wa wakili kwa kawaida nao haukubaliki, ingawa ukionyesha kwamba wewe mwenyewe ulikuwa ukifuatilia unapata sikio.

Ukidai uharamu, uwe ule unaoonekana usoni mwa kumbukumbu: mahakama haikuwa na mamlaka, au adhabu haiko kwenye sheria kabisa, au mshtakiwa alinyimwa nafasi ya kujitetea. Hoja inayohitaji kuchimbwa kwa maelezo marefu si ya hapa.

Hatua ya saba: rufaa ikiondolewa, uliza imeondolewa kwa neno gani

Rufaa iliyoondolewa mahakamani kwa kasoro inaweza kuletwa tena baada ya kurekebishwa, na muda uliopotea ukihangaika na rufaa ile yenye kasoro huhesabiwa kuwa ucheleweshaji wa kiufundi, ambao mahakama huusamehe ukirudi haraka. Rufaa iliyotupwa moja kwa moja hairudi kwenye mahakama ileile. Njia iliyobaki ni kwenda ngazi ya juu. Muulize karani au wakili siku hiyohiyo, na uombe nakala ya amri, kwa sababu saa mpya imeanza kugonga.

Aliyeshindwa Mahakama ya Rufani ana marejeo, yaani kuiomba mahakama hiyohiyo iuangalie upya uamuzi wake, kwa kanuni ya 66, ndani ya siku 60, kwa sababu chache mno: kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa haki ya kusikilizwa, uamuzi batili, mahakama kukosa mamlaka, au hukumu iliyopatikana kwa hila. Siyo rufaa ya pili. Na kwa adhabu iliyotolewa kinyume cha sheria na mahakama ya chini, Mahakama Kuu ina uwezo kwa vifungu vya 372 na 373 wa kuita jalada na kulikagua yenyewe. Barua yenye heshima kwa Jaji Mfawidhi, ikiambatana na nakala ya hukumu na kifungu cha adhabu kilichokiukwa, imewahi kutosha kulifanya jalada liitwe.

Kama hakuna fedha za wakili, uliza ofisini kwa mkuu wa gereza kuhusu msaada wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Chama cha Wanasheria Tanganyika nacho hupokea maombi ya wasiojiweza. Lakini nenda kwao ukiwa na notisi yako tayari imegongwa muhuri.